Gari la Theluji Kwenye Matope ya Kegonga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni pale Suna, Daktari Msimamizi alinipeleka nyuma ya stoo akanionyesha gari jekundu la milango miwili, tumbo karibu liguse nyasi. Alikuwa amelileta kwa meli kutoka nchi ya baridi alikosomea. Mafundi walilicheka waziwazi. Mimi nilijikaza, maana kazi nilikuwa naitaka.

"Hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma," akasema. "Injini iko mbele, kwa hivyo nyuma ni nyepesi. Kule nilikuwa naiendesha kwa theluji. Weka mchanga kwa buti huko nyuma iwe nzito, panda na gia ya pili, usikanyage breki ghafla."

"Huku hakuna theluji, Daktari."

"Akinyi, matope iko."

Basi nilifundishwa upya, mimi niliyejiona dereva kamili. Mkia wa gari ukitelezea kushoto, unageuza usukani kushoto kuufuata, huku ukiondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Moyo unakataa kabisa, lakini mikono huzoea. Baadaye nilihamishiwa Magunga, kisha Homa Bay, nikapewa magari makubwa ya maana, na hakuna nililolipenda kama lile.

Lakini nikiwa bado Suna, msimu wa mvua ndefu, gari la chanjo lilivunjika ekseli asubuhi ambayo kina mama walikuwa wakitungoja Kegonga. Daktari akanitazama, kisha akalitazama gari lake.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Barafu ikianza kuisha, rudi. Chanjo ikipata joto ni maji tu."

Muuguzi alikaa kando yangu, kasha la chanjo magotini. Tulikwenda vizuri hadi mlima wa mwisho kabla ya soko. Hapo magurudumu yakazunguka bure, gari likaanza kurudi nyuma. Mchanga haukutosha. Juu niliwaona kina mama na watoto mgongoni, na niliogopa kweli. Ningegeuza, wote wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Wakateremka kuja kusukuma.

"Msisukume," nikawaambia. "Wanne wawapatie wenzao watoto, wakae juu ya buti."

"Juu ya gari ya daktari?"

"Juu kabisa."

Mama mmoja mnene wa Kikuria akakaza leso yake. "Kumbe leo huu mwili yangu iko na kazi," akasema, akapanda wa kwanza.

Gia ya pili, klachi taratibu. Magurudumu yakauma udongo, tukapanda mwendo wa kobe huku wakicheka nyuma yangu. Muuguzi alipofungua kasha, barafu bado ilikuwa ngumu.

Buti lilibonyea. Nilimweleza Daktari nikiwa nimeshika kofia mkononi. Akapapasa pale palipobonyea.

"Fundi asiinyooshe," akasema.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu, anayeniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, ni muuguzi huko kwenye theluji, na majuzi alinipigia simu karibu kulia. Gari alilonunua linasukumwa na magurudumu ya nyuma, lilikuwa limekwama penye mlima wa hospitali yao, na alihofia kufukuzwa kazi kwa kuchelewa.

"Umeweka mchanga?"

"Nimeweka, Dani. Haitoshi."

Nikamwambia la kufanya. Alicheka, akakata simu.

Jioni alinitumia picha. Gari liko mlangoni mwa hospitali, theluji imejaa paani, na juu ya buti wamekaa wauguzi wanne wenye makoti makubwa, wananipungia mkono.