Mkaa wa Vifuu

Kisima chetu cha Mkange kilianza kunuka dizeli masika yalipokolea. Chanzo hakikuwa siri. Jirani mwenye mashine ya kusaga alikuwa na pipa la mafuta linalovuja, juu kidogo ya kisima, na mvua ilikuwa ikiteremsha yale mafuta. Kuchemsha hakukusaidia, harufu ilihamia kwenye wali.

Nilikuwa nafundisha kemia sekondari, na nilijua mkaa una vitundu vidogo mno vinavyonasa mafuta. Nikakusanya vifuu vya nazi, nikavichoma kwenye shimo, nikautwanga mkaa wake, nikaupanga na mchanga ndani ya pipa safi, likawa chujio la maji ya kisima. Mama mkwe aliniuliza kama nimeacha ualimu nikawa mchoma mkaa. Lakini alipoonja chai isiyonuka, aliwaita majirani yeye mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye mkutano wa kitongoji niliomba lile pipa la dizeli liondolewe. Mwenyekiti akasema suala hilo limekwisha, mwalimu ameshatupatia dawa. Nikaeleza kwamba mkaa hujaa, na ukijaa huacha kila kitu kipite. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na habari za barabara.

Mkaa ukajaa. Nikaubadilisha, ukajaa tena. Kila Jumamosi nilikuwa shimoni, macho yananiwasha kwa moshi, na watu wanapita kuniuliza, kwa upole kabisa, mbona maji yangu siku hizi yananuka. Maji yangu!

Mwishowe niliutoa mkaa wote, nikaliacha chujio tupu. Mama mkwe alinijia uani.

“Mwanangu, unatukomoa?”

“Hapana, mama. Nataka waisikie harufu.”

Alichota ndoo, akajitwika, akaenda nayo mpaka mashineni. Mbele ya wateja akamchotea mwenye mashine kikombe, akamkaribisha anywe. Yule bwana alikishika kikombe, akakitazama, akakirudisha. Wiki ile ile pipa lake likahamishwa.

Nilidhani nimepumzika. Kumbe udongo ulikwisha kunywa mafuta ya kutosha, na kisima kinanuka mpaka leo kila mvua inaponyesha. Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti alinisifu mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Kisha akaniuliza mkaa mwingine utakuwa tayari lini.