Kamba wa Ubaoni na Tope la Kinyungu

Mwalimu wetu wa baiolojia alimchora kamba wa baharini vizuri sana. Sharubu, miguu, mkia, kila kitu. Lakini chini ya yule kamba hakuchora chochote. Kamba alining'inia tu ubaoni. Nikamwuliza mwalimu, huko chini kamba anakaa juu ya nini. Akasema hilo haliko kwenye mtihani, ninakili. Nikanakili. Pale Iringa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona bahari.

Ilikuwa miaka ya sabini, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye chuo cha uvuvi. Nilitaka kazi isiyo na jembe. Basi nikaitwa mjini kwenye usaili, na mzee wa Pwani aliyekuwa akiuliza maswali hakujali sharubu wala mkia. Alitaka kujua jambo moja: nikitafuta kamba, wavu ningeushusha kwenye sakafu gani ya bahari?

Nilijibu kwa kile nilichokijua. Kwetu kaa wa mtoni hujificha chini ya mawe, kwenye maji maang'avu ya baridi, na huko ndiko tulikowafuata tangu utotoni. Nikasema kwenye mawe, maji yawe safi.

"Hapo utanipatia kamba-koche, wale wakubwa wa miambani," alisema. "Hawa niliokuuliza wanataka tope."

Akanieleza kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko kama angenifokea. Kamba wachanga hukulia kwenye tope la mikoko, majani yanakooza na chakula kinakopatikana. Wakikomaa hutoka nje, lakini bado hutafuta tope na mchanga laini mbele ya midomo ya mito, wapate pa kujifukia. Kisha akanishukuru kwa kuja. Nikajua nafasi nimeikosa.

Nilirudi kijijini kwetu Kalenga nimefura kwa hasira. Nilimkuta mama bondeni kwenye kinyungu chetu, bustani ya kiangazi tunayolima penye unyevu, akipandisha matuta. Hakuniuliza habari, alininyooshea jembe. Tope jeusi likanifika magotini, linanuka majani yaliyooza, na kila nilipoinua bonge vijidudu vilikimbilia ndani tena. Nilitamani kulia. Miaka yote nimesimama humu, halafu nimekwenda kumwambia yule mzee habari za mawe!

Baadaye mama akataka kujua kule mjini wameniuliza nini. Nikamwambia wameniuliza habari za tope.

Aliacha kulima, akaitazama miguu yangu.

"Tope, baba? Likakushinda?"

Nililima mpaka jioni, na kiangazi kilichofuata nikalima palepale.