Suruali Niliyokataa Kuivua

Miaka ile baada ya Vita vya Pili, mwanamume wa Kisii aliyepata baisikeli alibadilika hata akiwa anatembea kwa miguu. Aliingia sokoni na klipu zimebana suruali yake vifundoni, ili sisi wengine tujue kwamba ingawa leo anapiga mguu kama sisi, baisikeli yake iko nyumbani, imeegemezwa ukutani na kufunikwa shuka ambayo mkewe angeitumia vizuri zaidi. Leo nawacheka. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa darasa la chini, nina miaka ishirini na miwili, na niliwaonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Mjini palikuwa na msafara wa watu saba waliotoka kila Jumapili. Sisi Wasabato tulikuwa tumekwisha sali Jumamosi, kwa hiyo tuliwangojea Wakatoliki watoke misa, na wao walijua tunawangojea wakazidi kujikawiza. Msafara ulikwenda wapi? Popote. Walikwenda Ogembo, wakageuza, wakarudi. Walikwenda Nyamache, wakanunua ndizi ambazo kila mmoja wao alikuwa nazo shambani kwake, wakarudi nazo zimepondeka kwenye karia. Kazi yao kubwa ilikuwa kuonekana, na waliifanya kwa bidii kuliko kazi zao za mshahara.

Mkubwa wao, waliyemwita mwenyekiti ingawa hapakuwa na kikao wala kiti, alikuwa karani wa serikali. Mtu mrefu, ameanza kupata upara, tai shingoni hata kwenye jua la saa saba. Alizaliwa na kulelewa Kericho, kwenye mashamba ya chai ambako baba yake alifanya kazi maisha yake yote, akaja Kisii akiwa mtu mzima. Alipiga kengele kila alipoona mtu, na alipokosa mtu alimpigia ng'ombe. Na jinsi alivyocheka! Kicheko chake ulikisikia kabla hujaziona baisikeli. Mimi nilitaka siku moja nichekwe nacho, nami nicheke, katikati ya watu wale. Sikutaka kingine.

Nilikubaliwa, lakini si kwa ajili ya baisikeli yangu. Ilikuwa ya mjomba, haina breki, na nikitaka kusimama nilisugua soli ya kiatu kwenye gurudumu. Nilikubaliwa kwa ajili ya shangazi yangu. Karani aliposikia kwamba dada ya baba ameolewa upande wa Nyamira na ana kuku wasiohesabika, alinishika bega akasema, "Mwalimu, Jumapili hii tunaenda kwa huyo mama. Wewe utatuonyesha njia."

Jioni ya Jumamosi nilimweleza mama kwa majigambo. Mama alikuwa anachambua wimbi kwenye ungo. Aliuliza ni karani yupi.

"Yule mrefu aliyelelewa Kericho."

Mama akaweka ungo chini. "Huyo ni mtoto wako."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Babu yake karani na baba yangu walikuwa wana wa mzee mmoja, mama mbalimbali. Babu yake alizaliwa na mke wa kwanza, baba yangu akazaliwa na mke wa mwisho, mzee akiwa karibu kuzikwa. Kwa hiyo baba yake karani alikuwa ndugu yangu, na karani mwenyewe, pamoja na tai yake na upara wake, alikuwa mwanangu.

Kwetu hilo si jambo la kuchekea. Mtu na baba yake, na wote walio kwenye safu ya baba yake, wamefungwa na chinsoni, yaani haya ya ukoo. Hawaonani uchi. Hawaogi mahali pamoja. Mmoja hatamki mambo ya kitandani mbele ya mwenzake. Umri hauingii hapo, na mtoto mchanga anaweza kuwa baba wa mzee mwenye mkongojo. Anayelijua hilo akalivunja kwa makusudi, watu humtazama kama aliyepungukiwa utu.

"Kesho umwambie kabla hamjaondoka," mama alisema. "Yeye hajui, wewe unajua."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Naomba nisijitafutie udhuru, maana nimeutafuta miaka mingi na haupo. Msafara ule uliendeshwa kwa mizaha ya kitandani kuliko kwa pedeli, na mizaha hufa pale pale anapotokea baba na mwana. Wangeniaga kwa adabu nirudi nyumbani. Nilijiambia kwamba Nyamira ni mbali, shangazi aliolewa zamani, hawezi kumjua mtu aliyekulia Kericho. Ndivyo mtu mwenye cheti cha ualimu alivyofikiri.

Tukatoka. Msafara ulikuwa na sheria. Kwanza, tuzungumze Kiswahili tu, kwa kuwa Ekegusii, lugha yetu, ni cha kuitia kuku. Kiswahili chenyewe kilikuwa kile chetu cha kubahatisha, na kilimwumiza masikio fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, mtu pekee kati yetu aliyekizungumza tangu utotoni. Pili, hakuna kumpita mwenyekiti. Tatu, mgeni anakaa nyuma kabisa, anabeba pampu na kula vumbi. Nikala vumbi. Nililila kwa furaha, Mungu anisamehe.

"Mwalimu!" karani alipaza sauti kila tulipoteremka. "Hiyo kiatu itaisha kabla hatujafika! Utaoa na kiatu moja?"

Wote wakacheka. Kisha akaendelea na habari za harusi yangu, na usiku wake, na mambo ambayo mtu anayesimama kwa soli ya kiatu atayashindwa usiku huo. Siwezi kuyaandika hapa. Masikio yalikuwa yananichoma, nami nikacheka kwa nguvu kuliko wote ili asijue kwamba mwanangu ananitukana.

Kwenye mlima mmoja mrefu niliachwa, nikawa nasukuma. Karani akarudi nyuma, akashuka, akasukuma pamoja nami. Alinipa leso yake nijifute vumbi. Tulipokuwa peke yetu hakupiga kelele.

"Unajua, mimi sikukua hapa," alisema. "Huku Kisii kila mtu ako na watu wake. Mimi nikifika mahali naulizwa, wewe ni wa nani, naona aibu kujibu, kwa sababu baba hakunionyesha watu wangu. Hawa wa baisikeli ndio ndugu zangu. Sasa na wewe."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Barabara ilikuwa tupu, wengine walikuwa mbele, na mtu mwenyewe alikuwa ameniomba bila kujua. Nikamrudishia leso, nikamwambia asante. Sijapata kujichukia kama ninavyojichukia ninapoikumbuka leso ile.

Tukafika bondeni. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na mvua, mto umejaa hadi kiunoni, una rangi ya chai ya maziwa. Watu saba wakazitazama suruali zao zilizopigwa pasi ya makaa tangu alfajiri. Hakuna aliyejali kufa maji. Walichojali ni ile mikunjo.

"Vua!" akasema karani, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Tai ilitoka mwisho. Akakunja kila kitu, akafunga juu ya karia, akasimama pale kama alivyozaliwa, akanyanyua baisikeli begani na kuanza kutoa hotuba kuhusu kila mmoja wetu na alichojaliwa. Mimi nikageuka, nikautazama mti. Nilikuwa sijawahi kuutazama mti kwa makini kiasi kile.

"Mwalimu, geuka! Unaogopa nini? Hapa hakuna mzee, wote ni vijana!"

"Nitavuka hivi hivi," nikasema.

"Na suruali?"

"Na suruali."

Kicheko kikapanda mpaka ng'ambo. Mmoja akasema Wasabato wanabatizwa na nguo, ndiyo mazoea yao. Karani akaja, akanishika mkanda kwa mzaha, akavuta. Nilipiga yowe, nikamsukuma, nikaingia mtoni na viatu, suruali, pampu na kila kitu, baisikeli ya mjomba kichwani. Nilitoka upande wa pili nikichuruzika maji, nao wakavuka nyuma yangu wakiniimbia wimbo wa ubatizo. Fundi cherehani, aliyejifunga shuka kiunoni kama mtu mstaarabu, alikuwa peke yake asiyecheka. Alinitazama tu. Mtu anayewapima watu suruali kila siku huona mengi.

Shangazi alitupokea vizuri. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, asiyeruhusu jani la chai kuingia nyumbani mwake, kwa hiyo watu waliokuwa wameota chai ya maziwa tangu Kisii walipewa uji wa wimbi kwenye vibuyu na kuambiwa kuku yuko jikoni. Wakakaa kwenye viti, wakavu, mikunjo imesimama. Mimi nikapewa gunia nikalie, nisilowanishe kiti.

"Wewe umefanya nini?" shangazi akaniuliza.

"Amekataa kuvua suruali mtoni, mama," akajibu mmoja wao kabla sijafungua mdomo. "Ameona mwenyekiti amevua, yeye akaona haya!"

Wakacheka tena. Shangazi hakucheka. Alimgeukia karani, akamuuliza lile swali ambalo kila mama wa kwetu humuuliza mgeni kabla hajammiminia uji wa pili.

"Na wewe ni wa nani?"

Karani akaona aibu, kama alivyoniambia mlimani. Akasema baba yake alikufa Kericho. Akasema anachokijua ni jina la babu tu, akalitaja.

Shangazi akapiga makofi. Akainuka, akamshika mashavu yule mtu mzima na kumtikisa. "Mume wangu! Mjukuu wa kaka yangu!" Maana bibi na mjukuu kwetu ni watani, yeye humwita mume na kumtania apendavyo. Akamwambia ana upara wa babu yake, na miguu ya babu yake, na bila shaka uvivu wa babu yake. Karani akacheka huku machozi yanamlengalenga. Alikuwa amepata mtu wake wa kwanza katika Kisii nzima, na nilifurahi kwa ajili yake kwa muda usiozidi pumzi moja.

Kisha shangazi akanyoosha kidole kwenye gunia langu. "Basi huyu ni tata wako. Baba yako kabisa. Hukumjua?"

Nilisikia kuku wakiparura nje. Karani alinitazama usoni, kisha macho yake yakashuka polepole hadi kwenye suruali yangu iliyolowa, yakakaa hapo. Kila mtu mle ndani akayafuata. Ningeweza kusema sikujua. Suruali ilikuwa imekwisha sema.

"Ulijua," akasema. Hakulisema kwa Kiswahili.

Nikakamua ncha ya suruali.

"Tangu asubuhi. Ulijua, ukaniacha niseme yale. Ukaniacha nisimame pale." Akainuka kwenye kiti, akanipisha nikae. Nikamwambia hapana. Akabaki amesimama, macho chini, mpaka nikakaa kwenye kiti chake na kukilowanisha.

Kuku alikuwa mtamu, nasikia. Fundi cherehani ndiye aliyemla kwa raha, maana hata kisu cha kumchinjia alikuwa amekishika yeye mwenyewe uani.

Tulipotoka kurudi, karani alikataa kutangulia. Mwana hamtangulii baba, alisema, na sheria ya kutompita mwenyekiti ikafa bila kura. Nikawekwa mbele, mimi na baisikeli isiyo na breki. Mtoni waliningoja nivuke peke yangu, nikapotea kabisa nyuma ya vichaka vya ng'ambo, ndipo wakaanza kuvua. Sikusikia kicheko. Sikusikia kengele. Mara kwa mara niligeuka kuhakikisha kwamba bado wako, nao walikuwapo, saba, kwa mstari, wamenyamaza kama wanaotoka kuzika.

Shangazi alituma ujumbe kwa wazee, wakakaa, wakaniambia waliyoniambia, na nilistahili. Mama alinipa suruali ikiwa imefuliwa.

Jumapili iliyofuata nilijaza upepo magurudumu, nikasimama kando ya barabara, maana sikuwa nimeacha mazoea mabaya ya kutumaini. Nilikisikia kicheko kikija kutoka mbali, kile kile, na nikapanda baisikeli tayari. Waliponiona, kikakatika. Karani akashuka, na wote wakashuka nyuma yake. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akanisalimu, "Tata," kwa heshima kamili ambayo mwana humpa baba. Kisha akabaki amesimama pale juani, ananingoja.

Ilinichukua muda kuelewa anachongojea. Alikuwa anangoja nimpe ruhusa aende.

Nikampa.