Vidudu vimetaga kwa chakula changu

Nina miaka sabini na sita, askari mstaafu. Nimezika madaktari wawili walionikataza chumvi.

Leo nimemfundisha wa tatu, daktari wa wadudu.

Nafagia maabara hapa Mbale. Tunafuga vile vidudu vyekundu vya madoa meusi, vinavyokula vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya maharage. Wakulima wa Jinja wanavingoja.

Daktari alivilisha unga na asali mwezi mzima. Vikanenepa. Havikutaga.

Nikamwambia, "Askari hapigani kwa uji wa mgonjwa. Vipe vidukari."

Akanijibu, "Afande, shika ufagio. Visipotaga hadi Ijumaa, tunafunga chumba."

Kufunga chumba ni mimi kurudi kijijini Busiu kukaa bure.

Basi Jumatatu nilileta majani ya maharage kutoka kwangu, yamejaa vidukari. Nikayaweka katika kopo moja tu la vidudu. Ruhusa sikuomba.

Leo Ijumaa akayaona. "Nani ameingiza uchafu huu?"

"Mimi."

Akageuza jani.

Mama Nambozo, mpishi wetu wa chai, akachungulia. "Mayai hayo. Ya njano, yamepanga mstari."

Daktari akasema polepole, "Afande, kesho ulete gunia zima."

Mliosema mzee hajui kitu, semeni sasa.

Asiyeamini amuulize Mama Nambozo. Macho yangu hayakuyaona, lakini nilijua yapo.