Vigingi Kwenye Chemchemi

Asubuhi ile Naisula aliamka kabla ya jogoo wa jirani, kama kawaida yake. Akampa mumewe, Kisioki, bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, akamwambia ndama mweupe anakohoa, halafu akamwambia na soksi zake zinanuka mpaka barabarani.  Mambo ya soksi Kisioki hakuwa na desturi ya kuyajibu. Akatoka na ng'ombe.

Mchana binti yao Theresia akamfuata malishoni, anahema. Mama ameanguka jikoni, mkono wa kulia hauinuki. Walimfikisha hospitali akiwa anapumua, lakini hakusema tena. Wakamzika nyuma ya nyumba. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyobaki nayo Kisioki yalikuwa ya ndama na soksi.

Naisula alizaliwa Olasiti, enzi hizo mji haujafika huko. Alipoolewa huku magharibi mwa Mlima Meru, kwenye vumbi, kitu cha kwanza kuulizia kilikuwa maji. Wakamwonyesha chemchemi moja tu, bondeni. Akasema haya, atakaa. Tangu hapo akawa mlinzi wake bila kuteuliwa na mtu. Akina mama wachote asubuhi, ng'ombe wanywe mchana, mbuzi baadaye. Aliyefulia nguo juu ya jicho la maji alifukuzwa na nguo zake mbichi. Aliyeleta punda bila zamu alitukanwa yeye na punda.

Mwaka mmoja kabla hajafa, wanajeshi walikuja kufanya mazoezi kwenye mbuga chini ya kijiji. Wawili wakapanda mpaka chemchemi, wakagongelea vigingi vyenye rangi nyekundu kuizunguka, wakaondoka. Basi. Na watu wa huku wanavijua vigingi. Anayepiga vigingi amekuja kuchukua.

Mwenyekiti Solomoni akaitisha mkutano, Jumapili baada ya ibada. Naisula hakungoja Jumapili. Aliwachukua wanawake wenzake wakang'oa vyote, na kwa kuwa ulikuwa mti mkavu mzuri, wakagawana kuni. Kisioki alikula chakula kilichopikwa kwa vigingi vya jeshi na hakuuliza kitu. Kilikuwa kimeiva vizuri.

Kesho yake Solomoni, aliyekwenda kambi ya jeshi kuuliza, akarudi amepauka. Vile vigingi vilikuwa vya kuilinda chemchemi. Asubuhi inayofuata malori mazito yangeshuka kwa njia inayopita chemchemini, na madereva si wa huku, wameambiwa kitu kimoja tu: penye chekundu usipite. Sasa chekundu hakipo. Na udongo wa pale ni laini. Lori moja likididimia juu ya jicho la maji, jicho linaziba, na kijiji kizima kinahama.

 Naisula akainuka, akang'oa majani mabichi yakajaa kiganja, akashika njia ya kambini. Kisioki akamfuata nyuma.

Kwa Wamaasai na Waarusha, anayekuja na majani mkononi amekuja kuomba amani, hapigwi wala hafukuzwi. Lakini mlinzi wa getini alikuwa kijana wa pwani, Shomari. Akamwambia mama arudi nayo tu, jeshi halifugi mbuzi. Naisula hakusogea. Akayainua juu zaidi.

Ndipo akatoka hemani ofisa mmoja, Luteni Lemburis, jina la huku huku. Aliyaona majani kabla hajamwona mtu. Akavua kofia, akasogea, akainamisha kichwa na magwanda yake, na Naisula akamgusa utosini kama anavyoguswa mtoto anaposalimia mkubwa. Shomari akageuka kutazama upande mwingine.

Lemburis akawaeleza. Kazi yake ni mazingira. Kabla ya zoezi lazima ajue maji yako wapi na mifugo inapita wapi, na hapo gari halikanyagi, mafuta hayamwagwi, choo hakichimbwi. Hiyo ni amri, si hisani. Alisema kikosi kikiharibu maji ya wananchi kimejitengenezea adui mgongoni. Halafu akaomba arudishiwe vigingi.

"Vimeshakuwa majivu, mwanangu," Naisula akasema.

Luteni alijitahidi asicheke, ikashindikana. Akasema vingine viko mjini, havitawahi. Naisula akaivua shuka yake nyekundu begani, akamwekea mikononi.

Kabla jua halijazama, chemchemi ilikuwa imezungukwa na mashuka mekundu ya kijiji kizima, juu ya vichaka na fimbo za wachungaji. Na ya Kisioki ilichukuliwa. Alitetemeka kwa baridi mpaka asubuhi.

Lori la kwanza lilishuka moja kwa moja kuelekea bondeni.  Likapunguza mwendo, likakata kona, likazungukia kwenye mawe. Mengine yakalifuata. Maji hayakubadilika rangi. Wanawake wakaketi chini palepale, wakacheka wenyewe kwa wenyewe, na Kisioki akaanza kukusanya mashuka.

Mwaka huu, Naisula akiwa kaburini, ikasikika wanajeshi wanarudi. Kisioki akakosa raha. Maofisa huhamishwa, na yule wa kuwasimamia, mkewe, hayupo.

Gari la jeshi likaja, lakini halikwenda chemchemi. Lilisimama kwake. Akashuka Lemburis.

"Shikamoo, baba. Yeyo yupo?"

Yeyo ni mama. Kisioki akaonyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. Luteni akaenda, akasimama kaburini kofia mkononi, muda mrefu. Aliporudi alisema vigingi viko kwenye gari, ila hatapiga hata kimoja kabla mzee hajamwonyesha maji yanapotokea siku hizi.

Kisioki akavuta pumzi hadi chini. Akauliza nani kamwagiza aanzie hapa.

Ni mama mwenyewe, Lemburis akasema. Asubuhi ile ya malori, mzee akiwa anakusanya mashuka, mama alimshika mkono wa gwanda akamwambia hivi:

"Mkirudi msianzie chemchemi, anzieni kwangu, tunywe chai. Na kama mimi sipo, muulizeni mzee wangu. Haongei, lakini maji anayajua."