Fumbo la Kisu, Kamba na Taa

Baba yangu alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa kichochoroni Malindi, Unguja mjini, dogo hata kiti cha pili hakikupata nafasi, na mimi nikitoka skuli nilikaa juu ya sanduku. Mteja wake mmoja Mzungu alipoondoka Unguja alimwachia rundo la majarida, na kila jarida lilikuwa na ukurasa wa mafumbo. Si vitendawili vya kutegana. Mafumbo haya hukupa watu watatu au wanne, nyumba zao na kazi zao, halafu maneno machache tu: huyu hakai nyumba ya kijani, yule si mpishi. Unachora jedwali. Pasipowezekana unatia alama ya kosa, na likibaki tundu moja tupu, hapo ndipo unatia alama ya vema. Baba alinifasiria moja baada ya moja, wala hakuwa mpole. Nikitia vema kwa kukisia alilifuta kwa kidole, akaniuliza, "Umejuaje?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipotunga fumbo langu mwenyewe, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Wageni watatu wanakwenda harusini, mmoja wa Fumba, mmoja wa Chukwani, mmoja wa mtaa wa Ng'ambo. Mmoja amechukua kisu cha kuchinjia mbuzi, mmoja kamba ya kumfungia, mmoja taa. Na mmoja wao atafika mwisho. Habari ya harusi sikuiandika. Niliona itamrahisishia Baba kazi, nami nilitaka atoke jasho. Basi karatasi ilisema hivi: Wa Fumba, wa Chukwani, wa Ng'ambo. Kisu, kamba, taa. Wa Fumba hana kisu. Mwenye taa si wa Fumba. Wa Chukwani hana taa. Mwenye kisu atafika mwisho.

Nilimpa Alkhamisi asubuhi kabla ya kwenda skuli. Alichora jedwali chini ya maneno yangu, akaanza kutia makosa baina ya kutengeneza saa moja na nyingine.

Alasiri walikuja watu watatu wa serikali dukani. Walikuwa wakipita duka hadi duka wakitafuta mali ya magendo. Kwa Baba hawakukuta magendo, walikuta karatasi chini ya kioo cha meza. Nilifika wakati mmoja wao anaisoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma barua ya msiba.

"Nani huyu wa Fumba?" aliuliza.

"Hakuna mtu," Baba alisema. "Ni fumbo."

"Na hawa waliotiwa kosa, watafanywa nini?"

Nikafungua mdomo niseme kuwa hati ile ni yangu. Baba aliniwahi. "Ni yangu mimi. Huyu mtoto hajui kitu. Nenda kwa mama yako."

Nikaenda, nao wakamchukua. Mpaka leo nikikumbuka miguu yangu ilivyotii, najichukia. Sisi ni watu wa asili ya Arabuni, na miaka ile kila mtu mjini alijua maana ya mwanamme wa kwetu kuchukuliwa dukani kwake mchana: wengi hawakurudi. Majirani walifunga madirisha. Hata yule wa mlango wa pili, ambaye Baba alimtengenezea saa ya ukutani bila ya kumdai kitu, alifunga lake.

Siku tatu Mama alipeleka chakula kwenye ofisi ya wale watu na kurudi na vyombo vitupu, bila ya kuonyeshwa mumewe. Siku ya nne nilimfuata. Mama alikaa kwenye benchi nje, mimi nikaingia moja kwa moja kabla mlinzi hajainuka.

Ndani alikaa bwana mmoja wa makamo, shati lake safi, faili mbele yake. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, binti. Umepotea?"

"Sikupotea. Ile karatasi ya baba yangu nimeandika mimi."

Akacheka. Kama angenipiga kofi ningeweza kulisahau, lakini kile kicheko sikukisahau. Alisema, "Mtoto wa kike atunge mambo kama haya? Baba yako kakutuma."

"Nipe karatasi tupu nikuonyeshe."

Sijui kwa nini alinipa. Labda alichoshwa na kukaa. Nilichora jedwali kwa hasira, mistari imepinda. Nikamwambia, "Wa Fumba hana kisu. Tia kosa hapa. Mwenye taa si wa Fumba. Tia kosa na hapa. Sasa wa Fumba kabakiwa na nini?"

Akainama. Akatazama. "Kamba," alisema.

"Basi kamba mwengine hawezi kuwa nayo. Wa Chukwani hana taa. Kabakiwa na nini?"

"Kisu." Alilisema upesi, na uso wake ukafunguka kabisa. Akanyoosha kidole mwenyewe kwenye tundu la mwisho. "Na taa ni ya wa Ng'ambo!"

"Naam. Wanakwenda harusini. Kisu cha mbuzi. Hakuna mtu, hakuna siri, hakuna chochote. Ni mchezo wa akili."

Nilimwona ameelewa. Ningeona amebaki gizani ningemsamehe, maana mtu hahukumiwi kwa asilolijua. Lakini yule bwana alielewa vizuri kuliko wanafunzi wengi niliokuja kuwasomesha baadaye. Kisha akaifunga karatasi yangu ndani ya faili, akasema kwa sauti ndogo, "Nimefahamu, mwanangu. Lakini nshaandika."

"Umeandika nini?"

"Nshaandika. Na kilichoandikwa kimeshakwenda juu. Nenda nyumbani."

"Si uandike tena!"

Mlinzi alinishika mkono akanitoa. Njia nzima nilikuwa nikilia kwa ghadhabu na Mama ananivuta tu, buibui lake limeniziba uso ili watu wasinione.

Baba alikaa kule siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili walimwachia. Hawakumwambia kwa nini alishikwa, wala kwa nini aliachiwa. Aliingia ndani, akaoga, akala wali kidogo. Halafu aliyatoa majarida yote, akayapeleka uani, akayatia moto moja moja, kurasa zikijikunja.

Nilimwambia, "Baba, yule mtu alielewa! Nilimfahamisha, akalimaliza fumbo mwenyewe. Turudi tukadai karatasi yetu."

"Mwanangu, wacha."

"Lakini hatukufanya kosa!"

"Nnajua," alisema. "Wacha."

Nilimnunia mwezi mzima. Nilimwona mwoga, na hilo nililitamka mbele ya Mama, naye akanitia kofi ambalo nilistahiki. Baba aliendelea na saa zake mpaka macho yalipomkatalia, na kati yetu halikupita tena fumbo hata moja. Tulizungumza bei ya mchele na nani kafiwa.

Mwanzo wa miaka ya sabini nilipata kazi ya ualimu katika skuli ya shamba. Siku moja kipindi cha hesabu kilibaki na nusu saa, nikachora jedwali ubaoni. Nilipotaka kuandika watu, mkono ulikataa. Nilitazama mlangoni. Nikaandika kuku: kuku mweupe, kuku mwekundu, kuku mweusi, na vitu walivyochukua.

Mtoto mmoja wa kike aliyekaa mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, kuku anachukuaje taa?"

Darasa zima likacheka, na lilikuwa na haki ya kucheka.

"Kaa chini," nilimwambia, kwa ukali ambao hakuustahiki. Akakaa, akainamisha kichwa, akaanza kutia makosa kwenye daftari lake. Mimi nilisimama pale na chaki mkononi, nikiwatazama wale kuku watatu, nikijikasirikia kwa lile neno nililomwita Baba.