Vitana vya Marie-Jeanne

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Salamabila macho ya Marie-Jeanne yakoje, atababaika. Miaka sita anatusuka, na msusi hukaa nyuma yako. Unachomjua ni vidole. Hata mimi Apolline, ninayekaanga mikate, maandazi ya huku kwetu, kwenye baraza hiyohiyo anaposukia, na ambaye umbea ni ugonjwa wangu wa kuzaliwa, nimemchungulia kila upande na bado simmalizi.

Alitoka upande wa Bukavu akimfuata mume wake, mchimba dhahabu. Ana watoto watatu, Byamungu akiwa wa kwanza, ndiyo maana tunamwita Mama Byamungu. Kazi yake ina masharti. Vitana sita hulala juu ya kitambaa cheupe, kuanzia kikubwa hadi kidogo, na ole wako uchukue kimoja kujikuna kichwa: kazi inasimama mpaka kirudi mahali pake. Mchana hula mkate wangu mmoja, ameukata vipande vinne sawasawa. Pikipiki zikianza kunguruma kwa pamoja, huingia ndani akajifunga kitenge masikioni, wewe ukabaki na nusu kichwa. Mwaka wa kwanza wateja walinung'unika, kisha wakazoea. Mistari yake haina mfano, na watu wanatoka mbali, hata Kabambare, siku nzima barabarani, kuja kusukwa naye.

Mtu pekee aliyemzidi kwa ukimya alikuwa Zaina, mtoto wa Aïcha muuza vitenge. Ana miaka mitano, na hajatamka hata "mama". Ukimwita hageuki; kizibo cha chupa kikianguka, anageuka mara moja. Vizibo hivyo alivipanga mstari kutoka kwenye karai langu hadi barabarani, na aliyeukanyaga alisikia kilio chake. Kumgusa nywele ilikuwa vita. Marie-Jeanne ndiye aliyegundua dawa: usimpapase. Mlazie kiganja chote kichwani kwa uzito, umwambie ni mistari mingapi, na usizidishe hata mmoja. Mtoto alitulia. Nilipomuuliza amejuaje, alijibu, "Hata miye kupapaswa kunaniumiza." Nikacheka, nikageuza mikate yangu.

Alhamisi moja Aïcha alikuja na habari. Mama mkwe wake ameamua kwamba Zaina ana jini. Jumamosi pikipiki itakuja kumpeleka kwa mganga mmoja upande wa Wamaza. Atafungiwa chumbani siku saba, ngoma zikipigwa, bila mama yake. Kwa hiyo kesho asukwe, aende akiwa nadhifu. Aïcha aliyasema yote hayo akiangalia viatu vyake.

Alipoondoka, Marie-Jeanne alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Huko Bukavu, kaka yake Cirhuza ana mtoto aliyekuwa hivyohivyo. Muuguzi mmoja aliwapa jina la hali ile: otisme. Si jini, si laana, wala si kosa la mzazi. Kichwa cha mtoto kinasikia na kuona dunia kwa njia yake. Walimfundisha polepole kwa picha, na leo anaomba maji kwa mdomo wake.

"Basi umuambie Aïcha!" nikasema.

"Miye si dokta, Apolline. Nikikosea je? Na hata kama iko kweli, nani anapenda kuambiwa mutoto wake iko na kitu? Ataona namuombea mabaya. Atanichukia."

"Basi unyamaze."

"Nikinyamaza, watamufungia na ngoma. Ngoma, Apolline!"

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia yeye na ulimi wake mzito, kisha nikajikasirikia mwenyewe: mwenye ulimi mwepesi ni mimi, nilimjua Zaina tangu alipozaliwa, na sikuwahi kuuliza lolote la maana.

Ijumaa asubuhi Aïcha aliketi mbele yetu, na Zaina kati ya magoti ya Marie-Jeanne. "Mistari kumi na mbili," mtoto akaambiwa. Wa saba ulipokwisha, Marie-Jeanne alianza kusema, akiongea na kisogo cha mtoto.

"Mama Zaina, usikasirike. Mutoto wako haiko na jini, nawaza vile. Anapanga vitu mustari, ukimuharibia analia. Haangalii mutu mu macho. Makelele inamuumiza. Chakula anataka ni kilekile kila siku. Kule Bukavu wanaita vile otisme. Sina hakika. Najua tu kufungiwa na ngoma itamuvunja roho."

Mikate ilianza kuungua, nikaiacha iungue. Aïcha aliinuka, nikadhani anamnyakua mtoto wake aondoke. Badala yake aliinama kwenye kitambaa cheupe, akachukua kitana cha tatu, akakiweka mwisho, baada ya kile kidogo kabisa. Kisha akasimama kungoja.

"Niko na namba ya ule infirmière, ule muuguzi wa Bukavu," Marie-Jeanne aliendelea, "nitaku..." Mkono wake ukatoka kichwani mwa Zaina, ukakirudisha kitana mahali pake. Sentensi haikumalizika.

"Mama Byamungu," Aïcha akasema, huku analia na kucheka, "unaongea juu ya mutoto wangu, ao juu yako weye mwenyewe?"

Marie-Jeanne alivitazama vitana, kimoja baada ya kingine.

"Sijui," akasema. "Hakuna mutu ameniuliza hata siku moja."

"Miaka sita nakuangalia. Uko na bwana, uko na watoto, watu wanatoka mbali juu ya mikono yako. Na miye naogopa kila siku mutoto wangu atakuwa nini!"

"Nisikudanganye, Mama Zaina. Si wote wanafika kusema. Pengine Zaina hatasema."

"Hata kama. Nipe ile namba."

Marie-Jeanne alimpa, kisha akamalizia mistari mitano iliyobaki.

Jumamosi pikipiki ilirudi Wamaza bila abiria, na mama mkwe akatukana kwa simu mpaka salio likamwishia. Muuguzi wa Bukavu huongea na Aïcha kila Jumanne, na amesema mtoto apelekwe kupimwa barabara ikikauka. Zaina bado hajasema neno. Ana kigoda chake sasa, kando ya Marie-Jeanne.

Juzi mteja mgeni alichukua kitana, akajikuna, akakitupa ovyo juu ya kitambaa. Mikono miwili ilinyooshwa kukirudisha, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na ule mdogo ndio uliofika kwanza.